Moto Usiopulizwa

Bibi Nakijwa alikufa saa nne asubuhi, na saa nne ikabaki hapohapo.

Katika mji ule jua halikuwa na madaraka ya kupeleka siku mbele. Lilining'inia tu, kama mgeni ambaye bado hajaonyeshwa pa kukaa. Siku ilisukumwa na moto wa jikoni. Moto ukiwaka chai inachemka, chai ikichemka watu wanakunywa na kuondoka, watu wakiondoka asubuhi inageuka mchana. Mkubwa wa nyumba akifa, moto wake unamwagiwa maji, majirani nao wanazima ya kwao, na wakati unasimama. Haikuwa namna ya kusema. Nyanya iliyokuwa ikiiva ilibaki nusu nyekundu nusu kijani. Nguo kwenye kamba hazikukauka wala hazikulowa zaidi. Upande wa pili wa ua, jirani yao Naetwe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua tangu alfajiri, na sasa alikuwa akiguna mguno uleule mmoja, usiopanda wala kushuka, kwa kuwa mtoto hawezi kuzaliwa katika saa isiyosogea. Watu peke yao ndio walioachiwa kutembea na kuongea, maana lazima abaki mtu wa kuhuzunika.

Dawa ya hali hiyo ilijulikana na kila mtu. Mjukuu aliyepewa jina la marehemu anapiga magoti mbele ya mafiga, anawekewa kaa moja lililohifadhiwa kutoka kwenye moto wa zamani, na anapuliza kwa mdomo wake mara tatu. Pumzi ya kwanza inaamsha moto. Ya pili inaamsha wakati. Ya tatu anaichukua marehemu, anaondoka nayo. Ndivyo ilivyofanyika kwa kila maiti wa mji ule, na kwa kuwa ilifanyika siku zote, hakuna aliyewahi kuuliza jambo dogo tu: pumzi ya mtu ni ya nani?

Hakuna aliyewahi kuuliza kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuuliza. Nakijwa mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na jina la bibi yake, alikuwa na haja hiyo. Kwake yeye pumzi haikuwa kitu cha kutoa ovyo.

Ilianza akiwa na miaka sita, kwa kikombe cha uji wa ulezi. Uji ulikuwa wa moto, akaupuliza kama mtoto yeyote anavyopuliza uji, fuu, fuu, fuu, na mkono wake wa kulia ukaachia kikombe. Hakukiangusha kwa uzembe. Mkono wenyewe ulikuwa umeondoka. Ulikuwa unaning'inia begani, lakini mwenye mkono hakuwamo ndani yake. Mdomo ukainama upande, na alipotaka kusema "mama" alikuta mahali pa neno hilo pako wazi, kama rafu iliyotolewa vyombo. Baada ya muda mfupi vyote vikarudi, mkono, mdomo na neno, na Nakijwa akaomba uji mwingine.

Watu wa nyumba ile walikaa kikao. Kwao chakula kinaweza kumkataa mtu, kama mkwe anavyoweza kumkataa mchumba. Wakaamua kwamba ulezi umemkataa Nakijwa. Ulezi ukatolewa ghalani. Akapikiwa uji wa mahindi, akaupuliza, mkono ukaondoka tena. Mahindi nayo yamemkataa! Wakaleta mchele, mchele ukamkataa. Mtama, hivyohivyo. Ilifika siku mtoto yule alikuwa amekataliwa na kila kitu kinachopikwa duniani, akawa anaishi kwa ndizi mbivu na mtindi, na watu wanampitia mbali wasije wakakataliwa na vyakula vyao.

Ni Bibi Nakijwa aliyevuta kigoda asubuhi moja, akakaa mbele ya mjukuu wake na kumtazama kwa macho makavu, kama anavyotazama mchele wa kununua. Alimtazama akipokea uji. Alimtazama akipuliza. Kisha akasimama na kuwaambia wote waliokuwamo:

"Chakula hakijamkataa mtu hapa. Ni kule kupuliza. Nyinyi mmekaa vikao vinne na hakuna hata mmoja aliyekaa mbele ya mtoto."

Tangu siku hiyo uji wa Nakijwa ulipozwa na bibi. Aliumimina toka kikombe hadi kikombe, akaupepea kwa mfuniko wa sufuria, mfuniko wa alumini uliobonyea ukingoni, na hakumkabidhi mtoto mpaka aingize kidole chake mwenyewe na kusema, "Haya."

Daktari alikuja baadaye, yaani wao walimwendea, safari ya siku mbili kushuka milima. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na meza iliyojaa makaratasi. Aliwaonyesha picha ya ndani ya kichwa cha Nakijwa. Mishipa mikubwa ya damu ilikuwa inapanda vizuri kutoka shingoni, lakini ilipofika chini ya ubongo ilikuwa imebana, kama mfereji ulioangukiwa na mawe. Na kutoka hapo kwenye kubana kulikuwa na vimishipa vingine, vyembamba mno, vimetawanyika huku na huku kama moshi wa sigara.

"Ubongo wako uliona maji hayatoshi," daktari alimwambia Nakijwa mwenyewe, si mama yake, "ukachimba vifereji vyake. Umejitahidi sana. Lakini vifereji hivi ni dhaifu. Ukipuliza kwa nguvu, au ukilia mpaka ukahema, mishipa inajibana zaidi, na upande mmoja unakosa damu."

"Ni watoto wangapi wana moshi huu?"

"Wachache sana. Mimi nimewaona wawili. Wewe ni wa pili."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Anasoma. Alifanyiwa upasuaji."

Wakapewa vidonge vya aspirini, kimoja kidogo kila asubuhi. Wakapewa masharti: maji ya kunywa muda wote, jua kali aepuke, asipulize puto, asipulize filimbi, asilie kwa kwikwi. Na wakapewa tarehe ya upasuaji, tarehe ishirini na moja. Watachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, waulaze juu ya ubongo, kama mtu anavyovuta maji kutoka shamba la jirani. Nakijwa alielewa haraka. Kwao maji yaligawiwa kwa zamu, na alishajua adha ya kukaa mwisho wa mfereji.

Watoto wenzake nao walielewa, kwa namna yao. Wakampa jina la Mgao.

"Mgao! Leo maji yamefika?"

"Yamefika mpaka kwako," naye angejibu, "ila umeyatumia yote kuongea."

Kuishi na jambo lile hakukuwa kishindo. Kulikuwa kazi, kama kuishi na mbuzi mkorofi. Alijifunza kucheka nusu. Alijifunza kulia kwa macho tu, kifua kimetulia, machozi yakishuka kama maji ya paa. Na alijifunza kuhusu mwenzake. Hilo ndilo jina alilompa yule wa upande wa kulia, yule aliyekuwa anaondoka. Kila mkono ulipolegea, Nakijwa alimwona kwa dhahiri: msichana wa kimo chake anashuka kutoka begani, anapiga hatua mbili tatu, anapotea kwenye njia ambayo hapo kabla haikuwapo. Alikuwa anaondoka na maneno yote, ameyafunga kwenye upande wa kanga. Wakati mwingine alirudi na umri tofauti. Mara moja alirudi akiwa kikongwe, akamwangalia Nakijwa kwa mshangao, akasema, "Kumbe bado uko hapa," kisha akaingia mkononi na vidole vikacheza. Nakijwa hakumwambia mtu. Angeambiwa amekataliwa na nafsi yake, wakakaa kikao.

Sasa bibi amekufa. Saa ni nne. Tarehe ishirini na moja iko mbele, umbali wa siku tisa, na hakuna siku hata moja inayosogea.

Uani watu walikuwa wamejaa. Mzee Mmbaga, Mlinzi wa Majivu, mwenye mamlaka juu ya mafiga ya ukoo wote, alishika kigae cha chungu. Ndani ya kigae kulikuwa na kaa. Katika saa ile iliyokwama, kaa lile ndilo kitu pekee kilichoendelea kuzeeka. Lilikuwa jekundu katikati, kijivu pembeni, na ukijivu ulikuwa unaingia ndani.

"Hili likizimika," alisema Mzee Mmbaga, "hakuna lingine."

Shangazi Mbazi, binti wa marehemu, alimwendea Nakijwa akiwa amejifunga kanga kiunoni. Alimwita Nakijwa "mama" tangu siku alipozaliwa, kwa kuwa mtoto alibeba jina la mama yake, na jina likibebwa heshima yake inabebwa nalo.

"Mama, njoo," alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kilio. "Pumzi tatu tu. Hata anayechezea povu la sabuni anapuliza zaidi ya hizo."

"Hapulizi," alisema mama yake Nakijwa, akisimama katikati.

"Sikukuuliza wewe, wifi. Naongea na mama yangu."

"Daktari alisema..."

"Daktari amefiwa? Yupo hapa amejitanda kanga, nimsalimie?"

"Mbazi, mtoto ataanguka."

"Na mama yangu atalala pale mpaka lini? Wewe umeolewa humu, ukichoka utarudi kwenu. Mimi nikichoka nirudi wapi? Kwetu ndiyo hapa, na mama yangu hawezi kutoka mlangoni!"

Mwanamke mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, "Watoto wa siku hizi hata kupumua wanaandikiwa na daktari." Wengine wakacheka kidogo, cheko la njaa. Ng'ambo ya ua Naetwe aliguna mguno wake uleule.

Nakijwa aliingia ndani kwa bibi yake na kurudishia mlango.

"Umefunga?" aliuliza bibi kutoka kitandani. "Kuna nzi."

"Nzi hawaruki, bibi. Wamesimama hewani."

"Basi hata kufa kuna nafuu yake."

Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, amefunikwa mpaka kidevuni. Alikuwa amekufa kabisa. Alikuwa tu hajaondoka.

"Wanataka nipulize."

"Nimesikia. Mbazi amekuwa na sauti hiyo tangu anazaliwa."

"Nipulize?"

"Unamuuliza maiti?"

"Nakuuliza wewe."

Bibi alipoongea tena hakukuwa na utani. "Mimi nilipuliza. Nilikuwa kama wewe. Bibi yangu Nakijwa alilala papa hapa. Nilipuliza mara tatu, moshi ukaniingia machoni, nikakohoa, siku ikaenda. Kama aliondoka na pumzi yangu, sikuona. Nilikuwa nazo nyingi, sikuangalia."

"Nisipopuliza hutaondoka?"

"Sijui, mjukuu wangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufa."

Nakijwa alikaa ukingoni mwa kitanda. Alijaribu kufikiri ni Nakijwa yupi aliyelala na ni yupi aliyekaa, na haikuwa rahisi kama mtu angedhani. Kitanda kilikuwa kimelaza jina lile mara nyingi. Kila mara walikuja watu na kuliamsha kwa mdomo wa mtoto, mtoto akalivaa kama gauni la dada yake, akaenda nalo mpaka likamchosha, akaja kulilaza hapahapa. Na wote walipuliza. Walipuliza kwa sababu kupuliza hakukuwagharimu. Je, kitu kisichokugharimu ni zawadi? Na kikimgharimu mmoja kila alichonacho, bado kitaitwa pumzi tatu tu? Aliwafikiria watu wa uani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, na walimpenda bibi yake, na hawakujiona kama watu wanaodai. Nguvu ya mji ule ilikuwa hapo: hakuna aliyedai. Walinyoosha tu mikono mahali ambapo kitu kimekuwapo siku zote, wakashangaa kukuta mtu amekishika.

"Umekunywa maji leo?" bibi aliuliza.

"Bado."

"Kunywa kwanza. Mambo ya ukoo yatafuata."

Nakijwa alichota kikombe mtungini, akanywa chote, akachota tena. Kisha akatoka.

Alipiga magoti mbele ya mafiga. Mzee Mmbaga aliliweka kaa juu ya majani makavu ya mgomba. Shangazi Mbazi alisimama nyuma yake, mkono umelalia shingo ya mtoto, haukumsukuma, lakini ulikuwepo. Nakijwa alimsikiliza Naetwe. Alivuta hewa, akaipuliza, pumzi moja ndefu. Aliitoa yeye mwenyewe, kwa bibi aliyempozea uji miaka minne. Kaa likafumbua jicho, likafumba.

Ganzi ikaja kwenye vidole vya mkono wa kulia. Ndiyo ilikuwa hodi ya mwenzake. Kati ya ganzi na kuondoka pana upenyo mdogo, mtu akitulia hapo huenda mlango usifunguke.

"Ya pili, mama," alisema shangazi.

Nakijwa alifunga mdomo.

"Mama, ya pili. Linazimika!"

Hapo mwenzake alishuka begani. Alipiga hatua mbili, akageuka, akaonyesha kwa kidole upande wa vyombo, akaenda na maneno yake. Kilichobaki ndani ya Nakijwa kilikuwa vipandevipande.

Jekundu dogo. Kijivu kinakula.

Wanasema. Midomo yao. Nini.

Kile cha duara. Kile chake. Cha kupoza. Kina jina, jina limeenda.

Mkono huu haupo.

Huu upo.

"Anajifanya," mtu alisema. "Mwangalieni mdomo, anatukejeli."

Aliunyoosha mkono wa kushoto kwenye rundo la vyombo na kuutwaa mfuniko wa alumini uliobonyea ukingoni. Akaanza kulipepea kaa. Mzee Mmbaga alipaza sauti. Moto wa ukoo unapepewa kwa mfuniko wa sufuria, na kwa mkono wa kushoto, mkono ambao mji ule hauutumii kumpa hata ombaomba kitu! Shangazi aliinama amnyang'anye, lakini mama yake Nakijwa alikuwa amefika, na safari hii hakusema daktari wala nini, alimkumbatia wifi yake kwa nyuma akamshikilia hivyo, wote wawili wakilia. Mfuniko ulikwenda na kurudi, taratibu, kama mtu anayepoza uji. Majani ya mgomba yalitoa moshi mwembamba uliotawanyika huku na huku. Kisha yakashika.

Nguo zilitikisika kwenye kamba. Nzi walitua. Nyanya iliongeza wekundu kidogo. Ng'ambo ya ua mguno wa Naetwe ulipanda, ukapanda tena, ukapasuka, na baada yake kikaja kilio cha mtoto mchanga, kilio cha kifua chote, cha mtu asiye na habari kwamba pumzi inaweza kuwa chache. Chumbani kitanda kililia kidogo, kama kinavyolia mtu anapoinuka. Mama yake Nakijwa alikimbia kutazama. Bibi hakuwa tena mtu wa kujibu. Alikuwa ameondoka, na kama alibeba kitu mkononi, hakuna aliyeona.

Ungetegemea watu wafurahi. Walifurahi, kwa muda wa kuweka masufuria motoni. Halafu Mzee Mmbaga alikung'uta kigae chake na kusimama juu ya mtoto.

"Umetukana mafiga," alisema. "Marehemu ameondoka mikono mitupu, kwa upepo wa sufuria. Piga magoti unishike miguu, useme nimekosa, uniombe radhi. La sivyo jina hilo linakoma. Halitatajwa kwenye moto huu, si la yule wala la kwako."

Nakijwa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Hakujibu kwa kuwa hakuwa na cha kujibia. Wao waliona kiburi. Alisubiri. Aliona mwenzake akirudi kwa ile njia, bila haraka, safari hii wa umri wake hasa, vidole vikiwa vyeusi kwa masizi. Alipanda begani. Kidole gumba kikacheza. Neno la kwanza kurudi lilikuwa "maji", na mama yake akampa. La pili lilikuwa refu zaidi, naye akalishikilia mdomoni mpaka awe na uhakika nalo.

"Nasubiri," alisema Mzee Mmbaga. "Mpaka aombe, jina hilo nimelifunga. Asilitaje mtu."

Shangazi Mbazi alikuwa mwekundu macho. Alitaka mama yake aagwe vizuri, na alitaka mtoto huyu akubali, amalize, wale. Subira ikamwishia.

"Nakijwa!" alifoka. "Mjibu mzee!"

Jina lilikuwa limetoka, kubwa, juu ya moto unaowaka, na lilikuwa limetolewa na binti wa marehemu. Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Mzee Mmbaga aligeuka kumtazama.

"Abee, shangazi," aliitika Nakijwa.

Alisimama, mkono mmoja umeshika ukuta. Maneno yalitoka polepole, moja moja, yote yakiwa mahali pake.

"Mzee, moto unawaka. Naetwe amejifungua. Bibi yangu nimempa pumzi moja, hizo nyingine ni zangu, nitaenda nazo kwa daktari tarehe ishirini na moja. Na jina mtalitaja tu, kila mtakaponiita nije kula, kwa sababu nitakuwepo wa kuitwa." Akaurudisha mfuniko kwenye rundo la vyombo, kwa mkono wa kushoto. "Siombi radhi."